Somo Moja Lisilipiwe Mara Mbili

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwalimu mstaafu wa sayansi, ambaye pia ni mweka hazina wa kikundi chake, mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia kisiwani Mombasa. Tumeyachapisha kwa sababu vikundi vingi vinavyosoma jarida hili hukopesha wanachama pesa za karo. Maswali ya kujadili yako mwishoni.)

Najua wengine mmetoka mbali, mmepanda feri ya Likoni tangu alfajiri, na wengine mmetembea tu kutoka Kibokoni na Bondeni. Sitawachosha. Nimekuja na jambo moja, na jambo lenyewe linahusu pesa zenu na watoto wenu.

Nianze kwa kukiri kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita binti ya dada yangu alimaliza kidato cha nne, akapata alama za kumwingiza katika kozi ya cheti ya umeme. Alipomaliza cheti akaendelea na diploma. Alipomaliza diploma akataka digrii. Tukamtafutia nafasi, tukapata katika chuo kingine. Mama yake akaja kwenye kikundi kuomba mkopo. Mweka hazina ni mimi. Nikaitazama diploma, nikauona muhuri, nikafurahi, nikatia sahihi. Sote tuliamini kwamba binti ataanzia mwaka wa pili, maana ndivyo tulivyosikia watu wakisema.

Alipofika kule akaambiwa aanze mwaka wa kwanza. Masomo aliyokuja nayo hayakulingana na orodha yao. Hesabu alizokuwa amezifaulu akazirudia. Kazi za maabara akazirudia. Karo ya mwaka mzima ikaenda kwa vitu ambavyo tayari alikuwa navyo kichwani. Dada yangu akauza cherehani yake ili amalize kulipa mkopo wa kikundi. Na ile cherehani, ndugu zangu, ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba.

Sikuja hapa kukilaumu chuo. Huenda orodha yao ilikuwa na sababu zake. Lawama ninayoijua vizuri ni yangu mimi: sikuuliza kabla ya kutia sahihi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari la pesa nilikuwa nalo. Daftari la masomo ndilo sikuwa nalo.

KREDITI NI KITU GANI?

Mtasikia vyuo vikitaja neno krediti. Msiliogope. Katika kikundi, mwanachama akitoa mchango wake wa wiki, katibu huandika. Hata ukikosa kuja wiki ijayo, ulichotoa kinabaki kimeandikwa na hakuna atakayekudai tena. Krediti ni hivyo hivyo. Umesoma somo la chuo, umefanya mtihani wa chuo, umefaulu, chuo kimekuandikia. Somo hilo huna deni nalo tena.

Sasa fikiria mwanachama anayehama kutoka kikundi cha Majengo kwenda kikundi cha Tudor. Je, kikundi kipya kitaihesabu michango aliyotoa kule alikotoka? Hakitaihesabu, isipokuwa vikundi hivyo viwili vilipatana mapema. Hapo ndipo binti yetu alipokwama. Mchango aliutoa kweli, lakini aliutoa kwenye daftari ambalo kikundi cha pili hakikulitambua.

Kuna nchi ambako kijana huanza kuandikiwa krediti za chuo akiwa bado anavaa sare ya sekondari. Shule na chuo hukaa pamoja na kupatana: masomo fulani ya chuo yatafundishwa kwa wanafunzi wa sekondari, nao wakifaulu, wataingia chuoni wakiwa wamekwisha kupunguza safari. Nataka tuuelewe mpango huo, kisha tuone unaweza kutufaa vipi sisi wa kisiwa hiki.

WENZETU WALIANZAJE?

Mwaka 1974, katika jiji la New York kule Marekani, shule ya sekondari iitwayo Middle College ilifunguliwa ndani ya chuo cha LaGuardia. Sikilizeni vizuri ni nani waliochukuliwa. Hawakuwa wale wanaoongoza darasa. Walikuwa vijana ambao walimu waliogopa kwamba wangeacha masomo. Wazo lilikuwa rahisi: kijana anayeiona maabara ya chuo kila siku, na kukutana mlangoni na watu wazima wanaojua wanakokwenda, ataanza kujiona kuwa naye ana safari.

Kuanzia mwaka 2002 shule za namna hiyo ziliongezeka sana Marekani, kwa msaada wa mfuko wa Bill na Melinda Gates na mingine. Mwanafunzi aliweza kumaliza sekondari akiwa na krediti za chuo za hadi miaka miwili. Mwaka 2011 ikafunguliwa shule ya P-TECH huko Brooklyn, iliyoelemea upande wa sayansi na teknolojia. Hiyo ilishirikiana na chuo cha ufundi cha jiji na kampuni ya kompyuta ya IBM. Kijana huingia akitoka shule ya chini, na katika miaka sita hivi aweza kutoka na cheti cha sekondari na cheti cha chuo cha miaka miwili pamoja.

Lakini hata kule kuna watu walioumia. Mwanafunzi anakusanya krediti, kisha anaingia chuo tofauti na kile kilichotia sahihi, na hicho kinakataa baadhi yake. Tatizo ni lile lile la binti yetu. Kwa hiyo msije mkadhani kwamba mambo ya ng'ambo hujiendesha yenyewe. Panapofanikiwa, ni kwa kuwa kuna karatasi iliyoandikwa kabla ya mwanafunzi kuanza.

SISI TULIKUWA NA FOMU SITA

Wazee wenzangu mtakumbuka. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985, aliyefaulu vizuri kidato cha nne aliendelea na Fomu Faivu na Fomu Siksi. Alisoma masomo machache kwa kina: fizikia, kemia, hesabu. Akiingia Chuo Kikuu, digrii nyingi zilikuwa za miaka mitatu.

Mtihani wa mwisho wa Fomu Siksi ulifanywa mwaka 1989. Waliosoma 8-4-4 walipoanza kuingia chuo kikuu mwaka 1990, digrii hizo zikawa za miaka minne. Mmeona hesabu hiyo? Sehemu ya kazi ya chuo ilikuwa ikifanywa na shule za sekondari. Ziliponyang'anywa kazi hiyo, ilibidi chuo kiongeze mwaka.

Sisemi turudi Fomu Siksi. Nafasi zilikuwa chache mno, na watoto wengi wazuri walibaki nje. Ninachosema ni kwamba wazo la sekondari kubeba sehemu ya mzigo wa chuo halikuletwa na meli jana. Tulilijua. Tofauti ni kwamba zamani serikali ndiyo iliyopatanisha shule na chuo kwa nchi nzima, na mzazi hakuhitaji kuuliza.

Leo mtoto akifanya mtihani wa KCSE, mtihani huo humfungulia mlango wa chuo. Haumpunguzii muda wa kukaa ndani.

HAPA KISIWANI TUNA NINI?

Tazameni jinsi tulivyo karibu. Ukitoka Mji wa Kale, nyuma ya Fort Jesus, hadi Tudor ni mwendo mfupi wa tuktuk, kama hakuna msongamano. Tudor kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chuo hicho kina historia ambayo vijana wetu hawaijui.

Kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama taasisi ya elimu ya ufundi kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, ile iliyoitwa MIOME. Hakikujengwa na mtu mmoja. Aga Khan alichanga, Sultani wa Zanzibar alichanga, jumuiya ya Mabohora ikachanga, na serikali ya kikoloni ikatoa sehemu yake. Kwa lugha yetu tungesema ilikuwa harambee. Baadaye milango ikafunguliwa kwa watu wa dini zote. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na mwaka 2013 kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili. Kumbukeni basi kwamba chuo kile kilitokana na michango. Sisi watoa michango tusijione wageni tukifika kwenye lango lake.

Upande wa pili wa kisiwa, Kizingo, kuna Aga Khan Academy, iliyofunguliwa mwaka 2003. Wanafunzi wake wa madarasa ya juu husoma diploma ya kimataifa iitwayo IB kwa miaka miwili. Vyuo vikuu vingi vya ng'ambo huwapa waliofanya vizuri katika masomo ya ngazi ya juu ya diploma hiyo krediti za mwaka wa kwanza, kila chuo kwa kanuni zake. Kwa hiyo jambo ninalolizungumza lina mfano wake papa hapa, mbele ya bahari hii hii. Shida ni kwamba karo ya shule ya namna hiyo si ya mama wa mahamri, ingawa wako watoto wanaosaidiwa. Swali letu ni kama mtoto wa shule ya serikali aweza naye kupata hata kipande kidogo cha faida hiyo.

Wakati wa kuuliza ni huu. Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, katika sekondari pevu. Huko kila mmoja hufuata mkondo: sayansi na teknolojia, ambao wengi huuita STEM, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Ndani ya mkondo wa STEM kuna masomo ya kiufundi, na mengi yako karibu sana na yale yanayofundishwa vyuoni. Mfumo huu mpya unakusudia digrii irudi kuwa ya miaka mitatu. Na wale wa 8-4-4 bado wako nasi. KCSE yao ya mwisho ni ya mwaka 2027.

Tena sheria ya kuweka utaratibu wa vyeti ipo tangu mwaka 2014, iliyounda mamlaka ya KNQA. Vyeti vyote vya nchi vimepangwa kama ngazi za nyumba, kuanzia 1 hadi 10. Diploma iko ngazi ya 6, digrii ya kwanza ngazi ya 7. Ngazi zimepangwa ili mtu apande bila kurudishwa chini kila anapobadilisha chuo. Lakini ngazi haimpandishi aliyelala. Lazima mtu aulize.

BARUA IWE NA NINI?

Sasa mtaniuliza: mwalimu, tufanye nini? Nasema hivi. Kama shule yetu ya sekondari inafundisha sayansi vizuri, na chuo kiko karibu, bodi ya shule na chuo wanaweza kuzungumza. Wasianze na makubwa. Waanze na somo moja tu la chuo, kwa mfano misingi ya umeme, au usalama wa karakana, au hesabu za ufundi. Lifundishwe Jumamosi au wakati wa likizo. Lakini kabla ya mtoto mmoja kuanza, barua iandikwe, itiwe sahihi na pande zote mbili, na iwe na majibu haya sita:

1. Ni somo gani, kwa jina lake na namba yake kama lilivyo katika mtaala wa chuo? "Masomo ya utangulizi" si jina la somo.

2. Nani atafundisha, na wapi? Je, ni mwalimu wa chuo au ni mwalimu wa shule aliyekubaliwa na chuo? Maabara ni ya nani?

3. Nani atatunga na kusahihisha mtihani, na alama ya kufaulu ni ngapi? Krediti si zawadi. Kanuni ya Ohm mtoto huisoma sekondari, na hiyo peke yake haimpi krediti. Lazima afikie kipimo cha chuo, apimwe kwa mtihani wa chuo.

4. Krediti itahesabiwa katika kozi ipi, na itakaa muda gani kabla ya kuisha nguvu?

5. Je, kuna chuo kingine kitakachoitambua? Kama hakuna, iandikwe wazi kwamba hakuna.

6. Nani atalipa nini: nauli, chakula cha mchana, vifaa vya maabara, ada ya mtihani? Na mtoto akishindwa au akiugua, itakuwaje?

Tusisahau pia mambo ya hapa kwetu. Ratiba iheshimu sala ya Ijumaa na mwezi wa Ramadhani, na pia Jumapili ya Wakristo. Wasichana wamalize mapema wafike nyumbani kabla ya magharibi, la sivyo wazazi watawatoa mmoja mmoja, na tutabaki tukisema ati wasichana hawapendi sayansi. Wanaipenda sana. Nimewafundisha miaka mingi, nawajua.

Na jambo jingine. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mtihani wa mwisho wa sekondari ndio mbacha wetu. Mtoto anayehangaika na kemia ya darasani asipakiwe somo la chuo juu yake. Mwalimu wake aulizwe kwanza, na mtoto mwenyewe aulizwe.

KAZI YA KIKUNDI

Najua kikundi hakiendeshi shule. Lakini kikundi kina kitu ambacho shule na vyuo hukisikiliza: kina karo mfukoni, na kina wazazi wengi wanaosema neno moja. Mzazi mmoja akienda kwenye ofisi ya msajili wa chuo aweza kuambiwa arudi kesho. Wakienda wawakilishi wa vikundi vitano, na barua mkononi, watapewa viti.

Kwanza, badilisheni fomu yenu ya mkopo wa karo. Ongezeni mstari mmoja tu: "Je, chuo kimeandika ni masomo gani kitayakubali na mwanafunzi ataanzia mwaka gani?" Kama jibu ni "nimeambiwa kwa mdomo," mkopo ungoje wiki moja mpaka barua ipatikane. Hilo si kumnyima mtu. Ni kumlinda. Ningekuwa na mstari huo wakati ule, nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia leo.

Pili, kila familia iwe na faili la mtoto. Ndani yake muweke matokeo ya kila muhula, na mtaala wa kila somo alilosoma chuoni. Wengi huhifadhi cheti na kutupa mtaala. Lakini chuo kinachopima kama somo lako linalingana na lake hutazama mtaala. Cheti husema umefaulu. Mtaala husema umefaulu nini.

Tatu, wazazi walio katika bodi za shule za sekondari zenye mkondo wa STEM walete jambo hili mezani. Waulize: je, tumewahi kuzungumza na chuo? Kama bado, nani atakwenda, na lini? Iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Nne, jihadharini na madalali. Likitoka neno jipya, hutoka na watu wa kuliuza. Mtu akija mtaani na kusema ana krediti za chuo kwa watoto wenu, mlipe leo, mwambieni: tuonyeshe barua ya chuo, na sisi wenyewe tutakwenda kukiuliza chuo hicho.

Tano, msiwasahau mafundi. Mji wa Kale umejaa watu wenye ujuzi ambao hawana karatasi: mafundi wa milango ya nakshi, mafundi wa mashua, mafundi wa injini. Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kuutambua ujuzi wa namna hiyo, mtu apimwe na apewe cheti bila kurudi darasani kuanza moja. Ni wazo lile lile: usimlipishe mtu tena kitu anachokijua. Kijana wenu anayesaidia gereji ya mjomba wake huenda ana zaidi ya mnavyofikiri.

MWISHO

Mtu mmoja aliniuliza nilipokuwa nikiandika maneno haya: kwani mwaka mmoja una nini? Mtoto ni mdogo, akirudia si ataelewa zaidi? Nikamwambia, kwa mwenye nacho, mwaka mmoja ni mwaka mmoja. Kwa mwanachama wetu, mwaka mmoja ni mdogo wake anayengoja zamu ya karo. Ni kodi ya nyumba. Ni mkopo ambao mwanachama mwingine hakuupata kwa sababu pesa zilikuwa bado hazijarudi.

Binti ya dada yangu alimaliza digrii yake, tunamshukuru Mungu. Ni hodari, na anafanya kazi. Ameanza kuweka pesa kidogo kidogo za kumnunulia mama yake cherehani. Bado hazijatimia. Mpaka leo dada yangu anashona kwa cherehani ya kuazima, jioni, mwenyewe akishamaliza kuitumia.

Kila nikimwona ameinama pale, nakumbuka sahihi yangu. Basi ninyi, kabla ya kutia yenu, ulizeni. Kuuliza si ujinga.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna mtoto wa mwanachama wetu aliyewahi kurudia masomo aliyokwisha kuyafaulu? Ilimgharimu nini yeye na familia yake?

2. Fomu yetu ya mkopo wa karo inauliza nini? Tuongeze nini?

3. Shule gani ya sekondari iliyo karibu nasi ina maabara nzuri? Chuo gani kiko karibu nayo? Nani kati yetu anamfahamu mjumbe wa bodi ya shule hiyo?

4. Tukiwatuma watu wawili kwenye ofisi ya msajili wa chuo, watauliza maswali gani? Watarudi na jibu lini?

5. Ni mafundi gani katika kikundi chetu wenye ujuzi bila cheti? Tutawasaidiaje wapimwe?